"Si Wasome Tu?" Hilo Si Jibu

Wasee wa Makutano, leo sina utani. Kila nikisema makavazi yafikirie viziwi, najibiwa: "Kwani vitu havijaandikwa? Si wasome tu?"

Hapana. Kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Ishara ya Kenya, yaani KSL, hiyo ndiyo lugha yake. Ina sarufi yake, si Kiswahili cha mikono. Hata serikali inajua: kwenye KCPE, watahiniwa viziwi walifanya karatasi ya KSL badala ya Kiswahili. Kwa hivyo ukimwekea kibao cha Kiingereza kigumu, umempa lugha ya kujifunza darasani halafu unataka akushukuru.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Kaaga kuna shule ya viziwi, jirani kabisa na Makutano. Ukishuka tauni kuna Makavazi ya Meru, ndani ya jengo la mawe lililokuwa ofisi ya DC enzi za mkoloni. Humo kuna historia ya Wameru. Na historia hiyo ilipitishwa vipi? Kwa mdomo! Shosho akisimulia jikoni, wazee wakieleza mambo ya Njuri Ncheke. Lakini watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajui ishara. Hadithi ya shosho ilimpita mtoto akiwa ameketi pale pale. Makavazi ndiyo nafasi yake ya pili. Mwelekezi akiongea huku ameangalia ukuta, imempita tena.

"Mwalimu wao si atawatafsiria?" Mwalimu amekuja kuchunga watoto wasipotee, hajui habari ya kila kibuyu. Na kiziwi mtu mzima aliyekuja Jumamosi na familia yake, yeye atatafsiriwa na nani?

"Pesa hakuna." Pesa gani? Mrekodi kijana kiziwi akieleza kila kifaa kwa KSL, bandika kodi ya QR kando yake, mgeni askani na simu. Mwelekezi amtazame mgeni usoni. Video zote ziwe na maandishi chini. Afadhali zaidi, waajiri viziwi wawe waelekezi. Na msisahau wazee wetu ambao masikio yamechoka na ishara hawajui: hao wapewe maelezo yote yakiwa yamechapishwa kwa herufi kubwa. Kutosikia si kwa aina moja.

Na msiniambie hii ni huruma. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Kifungu cha 120 kinaifanya KSL kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Yaani mheshimiwa aruhusiwe kuchangia mjadala kwa ishara, lakini mtoto wa Kaaga asielezewe kibuyu cha babu yake?

Sisi tunaosikia tuna kazi pia. Ukiingia makavazi yoyote, Meru ama Nairobi, uliza pale mlangoni: "Maelezo ya KSL yako wapi?" Uliza hata kama huyahitaji. Wakiulizwa na kiziwi mmoja, watasema ni shida yake. Wakiulizwa na sisi sote kila wikendi, itabidi watafute jibu.