Acheni kung'oa saa, huenda ni swichi tu!

Jamani, leo nimeamka na hasira. Rafiki yangu aliye Uingereza ameniandikia kuwa saa ya mnara wa kanisa lao, ya kale kabisa, inasimama kila baada ya siku mbili tatu. Mtaalamu mmoja akawashauri waing'oe mashine yote, waweke mota ya umeme ya kuzungusha mishale. Eti "imezeeka". Tangu lini umri ukawa kosa la kiufundi? Mimi ni mtu wa programu na lugha hii naijua sana: kitu kikikwama, tuandike upya kila kitu!

Hebu tuelewane. Saa hii inaendeshwa na uzani unaoshuka polepole. Zamani mtu alipanda mnarani kuupandisha kwa mkono. Siku hizi mota ndogo humfanyia kazi hiyo, mara nyingi kwa mnyororo usio na mwisho, wazo la Mholanzi Christiaan Huygens wa karne ya 17. Utamu wake ni huu: mota inapovuta upande mmoja wa mnyororo, uzani unaendelea kuvuta gia ya saa kwa upande wa pili, kwa hiyo saa haikosi nguvu hata wakati inapojazwa. Uzani ukishuka chini swichi inawasha mota. Ukifika juu inaizima.

Umeona? Hizi ni mashine mbili: saa na mtumishi wake. Kwa nini umzike bwana kabla hujampima mtumishi?

Zima umeme, pandisha uzani kwa mkono. Saa ikienda sawasawa mpaka uzani ushuke, basi saa ni nzima, mfuate mtumishi. Uzani uko chini na mota haiwaki? Tazama swichi, maana cheche huunguza ncha zake kila mota inapozimwa. Mota inazunguka lakini uzani haupandi? Pengine mnyororo umerefuka unaruka meno, au springi imechoka na ule ulimi unaozuia gurudumu lisirudi nyuma haushiki tena. Tazama pia kile kiuzani kidogo cha kukaza mnyororo, hukwama.

Halafu kuna wale wanaoiruka swichi ya usalama kwa kipande cha waya ili "iende tu". Mnacheza na roho za watu! Tarehe 5 Agosti 1976, katika saa ya Big Ben kule London, mhimili wa feni inayopunguza kasi ya kengele za robo saa ulikatika kwa uchovu wa chuma. Uzani ukaporomoka bila breki na mtambo ukasambaratika. Kosa halikuwa la mota, lakini sasa unajua uzani ukiachiliwa unafanya nini. Na Waingereza hawakuitupa. Waliitengeneza, ikarudi kazini rasmi tarehe 9 Mei 1977. Mpaka leo uzani unaoendesha mishale yake hupandishwa kwa mkono, mara tatu kwa wiki.

Ndiyo, meno ya gia yakiwa yamelika kweli, gharama ni kubwa, sibishi. Lakini hapo kanisani hakuna aliyefungua hata kifuniko cha swichi! Nimemwambia rafiki yangu apande na fundi mwenye mita ya umeme kabla kamati haijakutana Jumapili.