MGUU ULIOVUNJIKA UNATAKA HARAKA, KISHA SUBIRA

Msimu wa karafuu ufikapo, wananchi wengi wa Micheweni hufunga safari kwenda kuchuma katika wilaya nyingine za Pemba, kwani ardhi yao ya maweni huwapa kokoto zaidi kuliko mikarafuu. Neema hiyo ina gharama yake. Mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake hukatika ghafla. Mchumaji aangukaye wima hupokea uzito wote wa mwili kwa visigino. Mfupa wa kisigino hupondeka, kifundo hupasuka, na mara nyingine uti wa mgongo nao huvunjika. Kwa hiyo majeruhi huyo asibebwe mikono na miguu kama gunia. Alazwe juu ya ubao.

Shirika la ZSTC limewahi kutoa fidia kwa wachumaji walioanguka. Hilo ni jambo jema, lakini fidia hairudishi mguu. Na ni dhahiri kwamba miguu mingi haipotei mtini, bali hupotea baadaye, kwa makosa yetu mawili.

Kosa la kwanza ni kuchelewa pasipotaka kuchelewa. Mfupa uliotoboa ngozi hauna subira. Majeruhi anahitaji dawa ya kuzuia vijidudu katika saa za mwanzo, kisha jeraha lioshwe katika chumba cha upasuaji, nyama iliyokufa iondolewe, na mifupa ishikizwe kwa vyuma vya nje. Badala yake, wapo wanaofungwa banzi na kukazwa mno. Damu huzuiwa, vidole hupoa na kuwa vyeusi, na hatimaye daktari hubakiwa na kazi ya kukata. Hatusemi haya kwa kuwadharau wahazigi wetu. Twasema kidonda kilicho wazi si kazi yao.

Kosa la pili ni haraka pasipotakiwa haraka. Ikiwa ngozi haikupasuka lakini mguu umevimba sana, mara nyingi daktari huuinua na kungoja wiki moja au mbili, mpaka ngozi ianze kufanya mikunjo, ndipo atie vyuma na misumari. Jamaa hudhani mgonjwa wao ametelekezwa, wakamrudisha nyumbani. La hasha! Ngozi iliyovimba ikipasuliwa haifungi, na usaha huingia hadi mfupani.

Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Madaktari wa nchi hiyo wamehudumu Zanzibar tangu 1964. Matatizo makubwa zaidi hupelekwa Mnazi Mmoja, Unguja, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini kutoka Micheweni hadi Mkoani ni kukivuka kisiwa kizima.

Hapana budi, basi, walimu na watumishi wa umma tuyafundishe haya shuleni na shehiani kabla ya msimu, na kila shehia ijue mapema ni gari gani litakalombeba majeruhi. Mpango wa gari haufanywi mtu akiwa tayari chini ya mti.