Bei Njoo Inboksi

Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Spika ndogo iliyoning'inizwa juu ya mlango inarudia maneno yaleyale kutwa nzima: buku tano, buku tano, chagua mwenyewe. Ndani ya fremu hiyohiyo msichana amesimama mbele ya taa ya duara, anageuzageuza gauni mbele ya simu. Yuko laivu, anawaambia watazamaji wa Mbeya na wa Muscat kwamba zimebaki tatu. Kwenye kioo imebandikwa karatasi yenye jina la ukurasa wa Instagram, namba ya WhatsApp na lipa namba. Anayetaka kujua biashara ya kizamani inaishia wapi na ya mitandaoni inaanzia wapi anaweza kusimama mlangoni hapo mpaka magharibi asiuone mpaka. Haupo tena, na tumechelewa kukubali. Mitandao ya kijamii imekwisha kuwa tangazo la kawaida, kama redio, kama bango, kama mpiga debe wa stendi. Kama ndivyo, basi iulizwe maswali ambayo tangazo la kawaida limeulizwa miaka yote: nani kalilipia, bei ni ngapi, na mali ikiwa mbovu tumfuate nani.

Dalili za kuchanganyika huku ziko pande zote mbili. Diamond Platnumz, ambaye wafuasi wake wa Instagram ni mamilioni, ana redio na televisheni ya Wasafi. Mwenye uwanja mkubwa namna hiyo kiganjani asingejisumbua na masafa ya redio kama redio ingekuwa maiti. Vituo vya redio navyo siku hizi vinauza sekunde za hewani pamoja na posti za kwenye kurasa zao, katika mkataba mmoja. Na hilo duka la Instagram lenyewe, ukilikwangua kidogo tu, chini unakuta vitu vilivyolitangulia. Instagram ilipozinduliwa Oktoba 2010, M-Pesa ilikuwa na miaka 3 Kenya na miaka 2 Tanzania. Bila pesa ya simu, picha ya kiatu ingebaki picha ya kiatu. Chukua maneno mawili yaliyo chini ya karibu kila tangazo la Dar es Salaam: mikoani tunatuma. Maana yake ni kwamba mzigo unafungwa kwenye mfuko mweusi, unazungushiwa selotepu, unaandikwa jina na namba ya simu kwa maka peni, bodaboda anaupeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, karani wa basi anakata risiti, risiti inapigwa picha na kutumwa WhatsApp. Kesho yake mteja wa Songea anakwenda ofisi ya basi na kutaja jina. Katika safari hiyo yote, simu imefanya kazi ya tarishi tu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja kwa takribani saa 6, mwenye fremu alibaki na mlango wazi. Ambaye fremu yake ni Instagram hakuwa na mlango.

Lakini katika kuhamia simuni, mambo fulani yaliachwa njiani, na la kwanza ni bei. "Bei njoo inboksi" imezoeleka mpaka hatuoni tena jinsi ilivyo ya ajabu. Mtu ametandaza mali yake mbele ya umma mzima, kisha jambo pekee ambalo umma unataka kulijua analinong'ona sikioni kwa mmojammoja. Wanaoitetea wanasema huko ni kupatana bei, na kupatana bei ni mila yetu. Sikubali. Kupatana bei sokoni ni jambo la hadharani: unapomtajia muuzaji elfu kumi, aliye nyuma yako anasikia, na jirani wa muuzaji anasikia pia na ana gauni kama lile hatua mbili mbele. Ndiyo maana bei ya sokoni, hata isipoandikwa, hairuki mbali sana na ukweli. Ndani ya inboksi mteja yuko peke yake, huku muuzaji akiwa ameshaitazama picha yake, anakoishi na simu anayoshika. Ni kweli kwamba muuzaji wa kizamani naye aliangalia viatu vyako kabla ya kutaja bei. Lakini wewe nawe ulimwona akiangalia. Sababu nyingine ya kuficha bei wauzaji wenyewe huitaja bila aibu: kila anayeandika "bei?" chini ya picha anaongeza komenti, na komenti zinaipandisha posti. Mteja anafanyishwa kazi ya mpiga debe, bila posho.

La pili lililoachwa njiani ni jina la mlipaji. Redio zetu, pamoja na makosa yake, zilitufundisha kusikia "kipindi hiki kimeletwa kwenu kwa hisani ya", na gazeti liliweka neno TANGAZO juu ya ukurasa ulionunuliwa. Msikilizaji alijua lini mtangazaji anazungumza na lini sabuni inazungumza. Leo "balozi" wa bidhaa anashika krimu bafuni kwake, anasema ndiyo siri ya ngozi yake, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba siri hiyo ina mkataba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye kioo cha simu vyote viwili vinajitembeza, tena kwa mwendo mmoja. Hilo si suala la adabu tu. Krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na anayezipaka kwa kumwamini msanii wake haoni tofauti kati ya ushauri wa dada na kazi ya kulipwa.

Wapo watakaosema tunatafuta kumbana mama anayeuza vitenge akiwa sebuleni, aliyekimbilia Instagram kwa sababu hana kodi ya fremu wala kilemba cha Kariakoo. Pingamizi hilo ni zito, na limepewa uzito na serikali zenyewe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipie leseni kwa zaidi ya shilingi milioni 2. Uganda mwaka huohuo ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kuingia tu mitandaoni. Huko kulikuwa kumtoza mtu kwa kusema, na jarida hili haliungi mkono. Lakini kuandika bei chini ya picha hakugharimu hata shilingi. Wala hatuhitaji sheria mpya: Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na Katiba ya Kenya, ibara ya 46, inataka sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Hakuna mahali ziliposema "isipokuwa Instagram".

Wengine wanasema soko la zamani nalo lilijaa uongo. Lilijaa kweli. Mpiga debe anayeapa kwamba basi linaondoka sasa hivi, bado wawili tu, amesema hivyo tangu saa 12 asubuhi. Lakini abiria ameketi ndani, anahesabu viti vitupu, na anaweza kushuka. Na wanaoamini kwamba komenti za wateja waliotapeliwa zitamsafisha muuzaji wanasahau kuwa mwenye ukurasa ndiye mwenye ufunguo: anafuta komenti, anakublock, anabadilisha jina la ukurasa na kubaki na wafuasi walewale elfu 80.

Waandishi wa toleo hili hawakubaliani wote na mhariri, hasa kuhusu bei. Jarida nalo lina ukurasa wa Instagram, na linapokea fedha za matangazo. Kuanzia mwezi huu, posti yoyote tuliyolipwa itabeba neno TANGAZO mwanzoni mwa maelezo, si mwishoni baada ya msururu wa alama za reli. Na anayeuliza bei ya kutangaza nasi hana haja ya kuja inboksi. Ipo ukurasa wa mwisho.