Bahari ni Yetu, Lakini Leseni ni za Nani?

Samaki akiwa bado majini ni wa nani? Uliza mtaani, utaambiwa ni wa kila mtu. Uliza kwenye ofisi ya serikali, utaambiwa ni wa mwenye kibali. Majibu haya mawili yakigongana watu huishia kortini, na kuna kesi moja ya Afrika Kusini ambayo wewe kijana wa Kenya unafaa kuijua.

Mwaka 1998, miaka minne baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuondoka, Afrika Kusini ilipitisha sheria mpya ya rasilimali za baharini. Nia ilikuwa poa: kuwafungulia mlango watu waliofungiwa nje ya biashara ya samaki kwa miaka mingi. Sheria ikatambua makundi matatu ya wavuvi: wa biashara, wa kujiburudisha, na wa kujikimu, yaani anayetafuta kitoweo cha nyumbani.

Sasa hebu mfikirie mvuvi wa kawaida wa pwani ya Cape. Haendi baharini kujiburudisha. Havui kitoweo tu, maana anauza ndio alipe karo na kodi ya nyumba. Na wala si kampuni: hana meli, hana mhasibu wa kumjazia fomu. Huyu aingie kundi gani? Hakuna. Serikali ilipogawa haki za uvuvi, wengi wa aina yake wakabaki mikono mitupu. Wakienda kuvua pale pale babu zao walipovua, wanashikwa kama wezi.

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba maskini asivue. Fomu tu haikuwa na nafasi yake, na hiyo ilitosha kumfungia nje.

Mwaka 2004 wavuvi hao, Kenneth George akiwa miongoni mwao, walienda mahakamani wakisaidiwa na shirika la Masifundise na mawakili wa Legal Resources Centre. Walisema mgawo ule ni ubaguzi. Kesi ikaanza kuzungushwa na mabishano ya utaratibu, ikapanda hadi mahakama ya rufaa. Mei 2007 ndipo ikatoka amri: wavuvi wapatao 1,000 waruhusiwe kuvua na kuuza kamba mawe, huku serikali ikitunga sera mpya. Sera ikaja 2012. Sheria yenyewe ikarekebishwa 2014 ili imtambue mvuvi mdogo.

Piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa sheria ikipitishwa alikuwa na miaka 16 ikirekebishwa. Na bado haikuisha. Mwaka 2022 mahakama ilifuta mgawo wa haki za wavuvi wadogo jimbo la Western Cape, baada ya wizara yenyewe kuona kwamba uhakiki wa waombaji ulikuwa na kasoro. Kazi ikaanza upya.

Najua kuna mtu anasema, "Kwani kila mtu akivua anavyotaka si samaki wataisha?" Kweli, wataisha. Lazima kuwe na kikomo na lazima kuwe na leseni. Lakini ukishasema samaki ni wachache, swali la nani apewe linakuwa zito zaidi. Haliwezi kuachiwa karani na fomu yake.

Hapa kwetu, Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema bahari ya taifa ni mali ya umma, na serikali inaishikilia kwa niaba yetu. Maneno matamu. Lakini waulize wavuvi wa Lamu. Walienda kortini 2012 kuhusu bandari ya LAPSSET, na mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, watu kama 4,600. Walishinda, halafu wakaanza safari nyingine ya rufaa na mazungumzo ya malipo. Pesa ya fidia unaweza kuisubiri mpaka watoto wamalize shule, na mahali ulipokuwa ukivua hapakusubiri.

Ndiyo maana nasema korti iwe njia ya mwisho. Mgawo unafaa kuchunguzwa kabla muhuri haujagongwa. Orodha ya waliopewa leseni za kuvua, meli za kigeni zikiwemo, iwekwe wazi mahali mimi na wewe tunaweza kuisoma: nani amepewa, avue nini, kwa muda gani, kwa bei gani. Kanuni mpya zikiandikwa, vikao vya maoni vifanyike kule mashua zinakofungwa, kwa Kiswahili, saa ambazo mvuvi hayuko baharini.

Na usidhani hii ni shida ya watu wa Pwani pekee. Vibanda sokoni na viwanja vya umma mtaani kwenu hugawanywa hivyo hivyo, kwa fomu ambayo hukuiona na tangazo ambalo hukulisikia. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Barua ni ukurasa mmoja. Andika leo, weka nakala, na uanze kuhesabu siku.