Mpiga dramu naye ni mwanamuziki, jamani!

Naandika nikiwa Bonga, kusini kidogo ya Babati mjini, kwenye barabara ya Kondoa. Jumamosi nilialikwa harusini, bendi ya kukodi ikatuchezesha mpaka usiku wa manane. Ukaja wakati wa kugawana posho. Mwimbaji akavuta chake, mpiga solo chake. Kijana wa dramu, ambaye ndiye aliyeianzisha bendi, akaambulia kidogo kuliko wote. Nikauliza kulikoni. Jibu: “Huyu si anagonga tu?”

Anagonga tu! Haya, mwambieni aache kugonga nyimbo mbili, tuone nani atabaki ukumbini.

Nikaikumbuka Sunburst. Vijana wengi hawajui kwamba miaka ya 70 Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya rock, rock hasa, yenye soul na ngoma za kwetu ndani yake. Gitaa alishika Hembi Flory Kongo, akaimba James Mpungo, na kwenye dramu alikaa Johnny Rodgers. Mwaka 1976 wakatoa santuri yao ya Ave Africa wakiwa Zambia. Bendi haikudumu baada ya hapo. Miaka 40 baadaye, 2016, lebo ya Strut ya London ikazikusanya kazi zao na kuzitoa upya. Sikilizeni zile dramu, wadau: gitaa linazurura linakotaka kwa sababu nyuma yake kuna mtu anayejua nyumbani ni wapi. Lakini mtajieni mtu wa Dar jina la Rodgers... ataduwaa.

Linganisheni na Roger Taylor, aliyeanzisha Queen mwaka 1970 pamoja na Brian May na Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Zanzibar. Yeye naye ni mpiga dramu, ila alitunga. Mwaka 1975 wimbo wake mmoja uliwekwa upande wa pili wa santuri ya Bohemian Rhapsody. Kila nakala ilipouzwa, wimbo wake nao uliuzwa, na mrabaha ukaingia. Inasemekana wenzake walinuna!

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtumbuizaji, si mtunzi peke yake. Sheria haisemi “isipokuwa anayegonga”. Kwa hiyo posho ya Bonga si suala la huruma, na bendi inayotaka kurekodi iandikiane mgawo kabla ya kuingia studio, siyo baada ya wimbo kupendwa.

Na sisi waandishi tusijitoe. Mwaka jana niliandika habari ya bendi moja, nikamtaja mwimbaji mara tano. Mpiga dramu nilimwita “wenzake”. Nimeisoma tena jana, aibu tupu.

Yule kijana nimechukua namba yake. Jumamosi ijayo wanapiga tena, na mahojiano nitaanzia nyuma ya jukwaa.