Saa ya Abiria Isidharauliwe

Asubuhi jijini Dar es Salaam, mkazi wa Ukonga mwenye safari ya Kariakoo hupanda daladala la kwenda Gongo la Mboto, kinyume kabisa na aendako. Hulipa nauli mpaka mwisho wa gari, hugeuza nalo, kisha hulipa tena. Nauli mbili, na safari imerefuka! Alichonunua ni kiti, na uhakika wa kuondoka.

Ndugu wasomaji, hilo peke yake lingetosha kuwafunza wanaotupangia usafiri. Lakini tangu mchumi Gary Becker aandike mwaka 1965 juu ya jinsi watu wanavyogawa muda wao, wachumi wamezoea kuipima saa ya msafiri kwa kipato chake. Kwa hesabu hiyo, saa ya mwenye gari ina bei kubwa, na saa ya mchuuzi ni ya senti chache. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mama anayefuata samaki soko la Feri akikwama kwenye foleni, anakuta mnada umekwisha. Mtaji wa siku umekaa bure na watoto wanamtazama. Bosi akichelewa nusu saa, mshahara wake uko pale pale. Ya nani basi ndiyo saa ghali?

Tena dakika hazilingani uzito. Wataalamu wenyewe wameona mara nyingi kwamba dakika ya kusimama kituoni humchosha mtu kuliko dakika ya kukaa garini. Abiria aliyekwisha kugombania mlango, mkoba kifuani, kiatu kimoja kikitaka kubaki chini, hahitaji kuambiwa.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, tulipewa njia isiyoingiliwa na magari mengine. Ni jambo jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini njia tupu haimbebi mtu. Muda uliookolewa barabarani ukiliwa kituoni kwa uhaba wa mabasi, abiria amepata nini?

Nawasihi wakubwa wa usafiri: kabla ya kuhesabu magari yanayopita, tumeni watu vituoni tangu saa kumi na moja alfajiri, wakiwa na saa mkononi, wapime kila abiria amesubiri kiasi gani. Vipimo hivyo vibandikwe hadharani kila mwezi, na mabasi yaongezwe kwanza pale watu wanaposubiri zaidi.