Punda Hajulikani kwa Paji la Uso Peke Yake



Katika minada ya mifugo huonekana jambo hili mara nyingi. Mtu amekuja na fedha alizozipata kwa mahindi ya mwaka mzima, naye ataka punda wa kubeba maji na mavuno. Dalali amshika mnyama kichwa, amwonyesha mnunuzi paji la uso, asema, "Litazame duara hili la manyoya. Limekaa chini, kati ya macho mawili. Huyu ni mpole, hata mtoto mdogo atampanda." Mkulima atazama, aridhika, alipa, aenda zake. Hakumwinua mnyama mguu, hakumpapasa mgongo, wala hakumwona akitembea na mzigo. Maoni yangu ni kwamba mtu huyo amenunua duara la manyoya, hakununua punda.

Labda wako wasioelewa ni duara gani. Mtazame farasi, punda au ng'ombe usoni, utaona mahali ambapo manyoya hayalali upande mmoja, bali huzunguka kama maji yaingiayo shimoni. Wengine wana duara moja, wengine wana mawili; la huyu liko juu ya macho, la yule liko chini. Hata utosini mwa mtoto wa binadamu liko duara la namna hiyo.

Kuyasoma maduara haya si jambo la jana. Huko India, wafugaji wa farasi wa Marwari tangu zamani wameyahesabu maduara ya kila farasi kabla ya kumnunua. Duara refu lishukalo shingoni huhesabiwa kuwa la heri. Lililo chini ya jicho huhesabiwa kuwa la nuksi, na farasi mwenye nalo hushuka bei. Kwamba manyoya ya shingoni humletea mwenye farasi bahati, mimi siliamini hata kidogo. Walakini habari ya duara la usoni na tabia ya mnyama isitupwe yote pamoja na nuksi, kwani wataalamu wameichunguza.

Mwaka 1995 bibi mmoja mtaalamu wa mifugo wa Marekani, Temple Grandin, pamoja na wenzake, walitoa habari za ng'ombe wapatao 1,500 waliotazamwa katika jimbo la Colorado walipokuwa wamebanwa kizimbani. Wale wenye duara juu ya macho walihangaika zaidi kuliko wenye duara la chini. Mwaka 2007 wataalamu wa Poland walitoa habari za farasi wao waitwao Konik, nao waliona kwamba wenye duara la juu walikuwa wagumu zaidi kushikwa na kuongozwa. Sababu idhaniwayo ni kwamba mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye, ngozi na ubongo huanza katika tabaka moja la mwili. Basi alama ya ngozi yaweza kuwa na uhusiano na mambo ya ubongo.

Haya ndiyo maneno ya kweli, nami siyapingi. Nipingalo ni matumizi yake. Kwanza, majaribio hayo yalifanywa kwa ng'ombe na farasi, hayakufanywa kwa punda. Pili, mtu akisema kwamba wenye duara la juu huhangaika zaidi, hakusema kwamba kila mmoja wao ni mkorofi, wala kwamba kila mwenye duara la chini ni mpole. Amesema habari za kundi zima. Wewe wanunua mnyama mmoja tu. Tatu, duara halisemi neno lo lote juu ya mkono uliomlea mnyama yule, wala juu ya kidonda kilichofichwa chini ya gunia.

Jambo hili la tatu nalijifunza kwa aibu. Miaka kadha iliyopita mama mmoja mjane alinijia akitaka shauri. Alikuwa na punda jike aliyembebea maji kutoka mtoni, na punda yule alikuwa ameanza kuuma na kutupa mizigo. Nikamtazama usoni, nikaona maduara mawili, yote juu ya macho. Kwa kuwa nalikuwa nimesoma habari hizi, nikajiona mjuzi, nikasema, "Mama, mnyama huyu ni mkali tangu tumboni. Muuze." Akamwuza kwa bei ndogo sana, naye akarudia kubeba maji kichwani.

Aliyemnunua alikuwa mzee asiyejua kusoma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua tandiko. Chini yake aliona kidonda kibichi juu ya uti wa mgongo, na ndani ya kidonda mlikuwa na kipande cha mwiba. Akautoa, akaosha kwa maji ya chumvi, akampumzisha mnyama hata ngozi ikafunga. Mvua zilipokwisha nalimwona punda yule njiani, amempakia mjukuu wa mzee, anatembea kwa utulivu. Maduara yake mawili yalikuwa pale pale usoni. Mimi niliyesoma vitabu sikuliinua lile gunia.

Nadhani tunawadhulumu wanyama hawa hata kwa maneno yetu. Twasema, "Fadhila ya punda ni mateke." Lakini tumemfanyia fadhila gani ambayo ameilipa kwa mateke? Punda ni mwana wa Afrika hii. Uchunguzi wa nasaba za punda uliotolewa mwaka 2022 waonyesha kwamba punda wote wanaofugwa duniani asili yao ni Afrika, upande huu wa mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi aliletwa kwetu kutoka mbali, na mbung'o na ugonjwa wa farasi humwua upesi. Punda huvumilia zaidi maradhi hayo, hula majani makavu ambayo farasi hayamtoshi, na hana haja ya kiatu cha chuma.

Tena tabia yake hatuielewi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, atazame kwanza. Sisi twamwita mkaidi, twachukua fimbo. Wale waliosoma Biblia wakumbuke habari za Balaamu, aliyempiga punda wake mara tatu kwa kuwa amekataa kwenda mbele, kumbe punda amemwona malaika mwenye upanga, na bwana wake, aliyekuwa nabii, hakuona kitu. Punda wako asimamapo, mtazame masikio: yanaelekea wapi? Huenda daraja limeoza, au nyoka yuko njiani, au kamba inamkata kwapani.

Basi, mtu atakaye kujua tabia ya punda na atazame mambo haya kabla ya kutoa fedha yake.

Masikio na macho. Masikio yaliyolazwa nyuma, jicho lenye kuonyesha weupe mwingi, na mkia uliobanwa ni dalili za hofu au maumivu. Msogelee polepole kutoka upande wa bega, ukisema naye. Usimwendee kwa nyuma.

Miguu. Inua kila mguu kwa zamu. Mnyama aliyezoeshwa vema atakupa mguu wake. Tazama kama kwato zimepasuka, zimerefuka kupita kiasi, au zanuka uvundo.

Mgongo na kwapa. Ondoa kila kitu kilichofungwa juu yake, upapase kwa kiganja kutoka mabegani hata matakoni. Akishtuka mahali pamoja, pale pana maumivu. Muuzaji akikataa kufungua tandiko, ondoka.

Meno. Punda wa miaka 5 hivi huwa amekwisha badili meno yote ya mbele. Asibebeshwe mzigo kabla ya kutimiza miaka 4, hata akionekana mkubwa.

Mwisho, mwombe mwenyewe amwongoze, ampakie mzigo, amzungushe. Baada ya hayo, ukipenda, litazame na duara la usoni. Likiwa juu, jua kwamba yafaa umfundishe kwa saburi zaidi. Samaki mkunje angali mbichi: mnyama aliyezoeshwa kushikwa tangu udogo, bila kelele wala kiboko, huwa mwepesi kuongozwa.

Ukiisha kumpata, usafi wake ni kazi ya kila siku. Kila asubuhi kabla ya kumfunga tandiko, na kila jioni akiisha kazi, msugue kwa brashi ngumu au kwa makumbi ya nazi, ukifuata manyoya yalalavyo. Usidhani kwamba huu ni urembo. Tope na jasho vilivyokauka chini ya tandiko husaga ngozi kama msasa, na mkono upitao mwilini kila siku hukiona kidonda kingali kidogo. Safisha kwato kwa kijiti kisicho na ncha kali, utoe mawe na samadi. Kwa saa nzima ya kazi yake, dakika chache za mkono wako si gharama kubwa.

Tandiko lake liwe na mito miwili ya magunia yaliyojazwa majani makavu, mmoja kila upande, mzigo usiguse uti wa mgongo. Mzigo usizidi theluthi ya uzito wake: punda wa kilo 150 asibebeshwe zaidi ya kilo 50. Najua neno hili halitawapendeza watu wazima wapandao punda wadogo, lakini hesabu ni hesabu. Mtoto na apande. Baba mwenye kilo 70 ashuke, atembee kando. Wala usimfunge punda nira ya ng'ombe. Nira hutegemea nundu, na punda hana nundu; nguvu zake ziko kifuani, kwa hiyo mfanyie mkanda mpana wa kifuani uliowekwa kitambaa laini.

Liko jambo moja ambalo duara la manyoya hulifaa kuliko ubashiri wo wote. Halibadiliki. Mnyama azaliwapo nalo, atakufa nalo. Wala mwizi hawezi kulifuta. Ndiyo sababu katika nchi nyingi maduara ya farasi huandikwa katika cheti chake pamoja na rangi na mabaka. Fanyeni vivyo hivyo kwa punda na ng'ombe wenu. Chukua daftari la mtoto wa shule, chora uso wa mnyama, utie alama mahali duara lilipo, uandike kama ni moja au mawili, na kama lazunguka kuume au kushoto. Siku mnyama wako atakapopotea na kuonekana katika zizi la mtu mwingine, mchoro ule utakusaidia mbele ya wazee na mbele ya polisi.

Hivyo ndivyo nionavyo. Duara latuambia mnyama huyu ni yupi, na pengine latudokezea neno dogo juu ya tabia yake. Kwamba atakuwa mpole au mkali, hilo kwa sehemu kubwa limo mikononi mwetu. Leo jioni, kabla hujamlaumu punda wako, nenda ukamfungue tandiko, utie mkono chini yake.